Mlango Uliokwama Kifuani mwa Saynab

Mwaka wa 1993 Saynab Duale alikuwa na umri wa miaka ishirini na minane, mama wa watoto wawili na mimba ya tatu tumboni. Alikuwa na meza ya nyama Galbet, mjini Garissa. Kaka yake Dubow ndiye aliyechinja, na yeye ndiye aliyekata na kuuza. Watu walisema kisu cha Saynab kina macho, maana hakikuwahi kugonga mfupa. Na ulimi wake haukuwa nyuma ya kisu. Mteja akilalamika kwamba nyama ya ngamia ni ngumu, alimjibu, "Si nyama ngumu, ni meno yako yamechoka, walaal," na yule ndugu alicheka akaongeza nusu kilo.

Mimba zake mbili za kwanza alizibeba huku akifanya kazi mpaka wiki ya mwisho. Hii ya tatu ilimshinda mapema. Mwezi wa tatu ulipoingia, kubeba paja la mbuzi kutoka kwenye mkokoteni hadi mezani kulimwacha akihema kama aliyekimbia. Mwezi wa nne alianza kulala ameketi, mgongo ukiegemea magunia, kwa kuwa akilala chali alihisi kama mtu amemkalia kifuani. Kisha kikaja kikohozi, na siku moja akatema povu lenye rangi ya waridi.

Hapo ndipo minong'ono ilipoanza. Kikohozi chenye damu kilikuwa na jina moja tu mtaani: kifua kikuu. Jirani aliyekuwa akinywa naye chai kila asubuhi akaanza kumwekea kikombe chake peke yake. Wateja wengine walihamia meza nyingine, na wengine walinunua huku wamejifunika pua kwa ncha ya shuka. Saynab aliyaona yote hayo, akaendelea kukata nyama. Makohozi yake yalipimwa mara tatu, na mara zote tatu hayakuonyesha chochote.

"Basi kama si kifua kikuu, ni jini," alisema mke wa Dubow, jina lake Rahmo, mwanamke mwenye huruma lakini mwenye haraka ya kutoa hukumu.

"Jini gani linalochoka mimi nikipanda ngazi tatu?" Saynab alimuuliza.

Rahmo ndiye aliyempeleka kwa Abdinoor. Huyu alikuwa kijana wa Mandera, afisa wa kliniki aliyeletwa Garissa mwaka ule. Alikuwa mwembamba, shati lake limemzidi mwili, na watu walimwita daktari hata alipowaambia yeye si daktari kamili. Alimsikiliza Saynab kifuani kwa kile chombo chake, juu ya nguo, Rahmo akiwa amesimama pembeni. Akasikiliza mbele, akasikiliza mgongoni, akamwomba alale kwa ubavu wa kushoto, akafumba macho akasikiliza tena. Rahmo alidhani amesinzia.

Alipofumbua macho hakuuliza habari ya kikohozi. Aliuliza, "Abaayo, dada yangu, ulipokuwa mtoto uliwahi kuvimba magoti?"

Saynab alishtuka. Alipandisha pindo la gauni kidogo, akamwonyesha makovu ya mviringo kandokando ya magoti, meusi kama sarafu za zamani.

"Nilikuwa na miaka tisa, kule Hulugho," alisema. "Koo liliniuma kwanza. Wiki mbili baadaye goti la kulia likavimba, kisha la kushoto, kisha vifundo vya mikono. Maumivu yalikuwa yakihama kama watu wa mifugo. Mama akanichoma kwa chuma cha moto."

"Ukapona?"

"Magoti yalipona."

"Magoti, ndiyo," alisema Abdinoor taratibu. "Lakini ugonjwa ule haukuja kwa ajili ya magoti peke yake. Vijidudu vilikaa kooni, mwili ukaamka kupigana navyo, na katika ile vita ukapiga mpaka watu wake wenyewe. Ulipiga viungo, ukapiga na moyo. Ndani ya moyo kuna milango, na mmoja wa milango yako umepata kovu. Umekuwa mnene, kingo zake zimeshikana, na haufunguki sawasawa."

Saynab alimtazama, akatabasamu kwa mara ya kwanza kwa muda wa wiki nyingi. "Daktari, moyo naujua mimi. Naukata kila siku. Sijaona mlango."

"Kesho nitakuja kununua nyama," Abdinoor akajibu. "Uniwekee moyo wa ngamia. Usiukate."

Saynab alidhani ni maneno ya kumfariji mgonjwa. Lakini kesho yake, kabla ya saa nne asubuhi, Abdinoor alifika kweli, akakunja mikono ya shati. Moyo wa ngamia ulikuwa mezani, mkubwa kama kichwa cha mtoto. Dubow alisogea kuangalia, aproni yake ikiwa bado mbichi kwa damu.

"Nianze na swali," alisema Abdinoor. "Wewe ukiupasua huu, upande upi una nyama zaidi?"

"Kushoto," Saynab alijibu bila kufikiri. "Kulia ni mwembamba kama ngozi ya tumbo. Wateja wanaojua huomba kushoto."

"Kwa nini?"

Saynab aliutazama ule moyo. Alikuwa ameuza mioyo kwa miaka kumi na miwili na hajawahi kujiuliza.

"Kwa sababu kazi zao si sawa," alisema Abdinoor. Alichukua kisu cha Saynab mwenyewe, akaukata moyo kwa uangalifu, akaufunua. "Vyumba ni vinne, viwili juu, viwili chini. Damu iliyochoka kutoka mwilini kote inaingia hapa, juu kulia. Inashuka chini kulia. Hapo inasukumwa mapafuni, na mapafu ni majirani, yako hapa hapa kifuani, kwa hiyo ukuta mwembamba unatosha. Kule mapafuni damu inatua mzigo wake wa hewa chafu, inabeba hewa safi, inarudi, lakini hairudi kulia. Inaingia juu kushoto, inapita mlango huu, inashuka chini kushoto. Na huyu wa chini kushoto ndiye anayeituma mpaka kwenye unyayo na utosini. Ndiyo maana ana misuli kama mpagazi."

Akamwonyesha mlango. Saynab aliinama. Aliona ngozi mbili nyembamba, nyeupe, zimeshikwa na nyuzi kama za kushonea, nyuzi zile zimefungwa kwenye vinundu vya nyama ukutani. Alikuwa amezikata nyuzi zile maelfu ya mara na kuzitupa.

"Lete maji," Abdinoor alisema.

Rahmo akaleta birika. Abdinoor aliushika mshipa mkubwa unaotoka upande wa kushoto, akamimina maji ndani yake kutoka juu. Maji yalijaa mshipani yakasimama pale pale, yakawa kama kwenye kikombe. Hayakushuka moyoni.

"Wallahi!" alisema Dubow. "Kuna nini kinachoyazuia?"

"Mlango mwingine. Damu ikishatoka, hairuhusiwi kurudi. Kila mlango wa moyo unakubali njia moja tu. Ile sauti ya du-dup unayosikia kifuani ni milango inapofunga. Inafunga zaidi ya mara laki moja kwa siku, ukiwa macho, ukiwa usingizini, ukiwa unagombana na mteja."

Watu walikuwa wamekusanyika sasa, na mzee mmoja aliyekuja kununua maini alisahau maini.

"Na wangu?" Saynab aliuliza kwa sauti ndogo.

Abdinoor aliweka kidole kwenye ule mlango wenye ngozi mbili. "Ni huu hapa, wa kati ya juu na chini kushoto. Wako umebaki na tundu dogo kama la kifungo cha shati. Damu inafika mlangoni, haipiti yote, inarudi nyuma kujaza mapafu. Ndiyo maana unahema, ndiyo maana unakohoa maji na damu. Kwa miaka mingi moyo wako umevumilia. Lakini mwanamke akibeba mimba mwili wake huongeza damu, karibu nusu ya ile aliyokuwa nayo. Mlango mbovu, msafara umeongezeka. Si kifua kikuu, si jini. Na hakuna atakayeambukizwa kwa kunywa kikombe chako."

Haya ya mwisho aliyasema kwa sauti ya juu, akiwatazama waliokusanyika. Yule jirani wa chai alikuwa miongoni mwao. Aliinamisha uso. Asubuhi iliyofuata alikuja na birika na vikombe viwili vinavyofanana, akaketi kando ya Saynab, na Saynab akanywa naye.

Dawa za kupunguza maji mapafuni zilimpa nafuu, lakini Abdinoor hakumficha. Mlango ulihitaji kufunguliwa kwa mkono wa mpasuaji, Nairobi, na kabla tumbo halijawa kubwa zaidi. Mume wake, Adow, aliyekuwa akileta ngamia kutoka Hulugho, alifika siku ya tatu na vumbi la safari kwenye nyusi.

"Wanataka kumpasua moyo mtu aliye hai?" aliuliza.

"Wanataka kuufungua mlango," alisema Saynab. "Nimeuona, Adow. Kama nisingeuona kwa macho yangu ningekataa kabla yako."

Adow alijifuta vumbi usoni. Kisha alisema, "Mimi sijui moyo. Nakujua wewe. Ukisema umeuona, umeuona." Siku hiyo hiyo akaenda kwa wazee wa ukoo, nao wakafanya qaaraan, mchango wa jamaa, kila mmoja kwa uwezo wake. Hata yule mzee wa maini alileta chake, ingawa hakuwa wa ukoo wao.

Walisafiri watatu, Saynab, Adow na Dubow, kwa basi lililosindikizwa na askari kwa sababu ya majambazi wa njiani. Kwenye kizuizi cha daraja la Tana abiria walianza kuteremshwa kuonyesha vitambulisho na kile kikadi cha waridi walichotakiwa Wasomali kubeba siku hizo. Askari mmoja alimwona Saynab anavyohema, akamwambia abaki amekaa kitini, akapanda yeye kuja kuikagua kadi yake. Lilikuwa jambo dogo, lakini Saynab alilihesabu miongoni mwa aliyotendewa.

Katika hospitali kuu alikotumwa, walimlaza kwa ubavu, wakampaka mafuta baridi kifuani, na kwenye kioo cha mashine akauona moyo wake. Haukuwa kama wa mezani. Huu ulikuwa ukicheza. Muuguzi alimwonyesha ule mlango, mnene, mzito, ukijaribu kufunguka na kuishia njiani, ukijaribu tena.

"Maskini," Saynab alisema kwa Kiswahili chake cha Garissa. "Anafanya kazi sana huyu. Na mimi namlaumu ati mfifu."

"Nani mfifu?" muuguzi aliuliza, asielewe.

"Mvivu," Adow akasahihisha, na wote watatu wakacheka.

Mpasuaji alikuwa mzee mfupi mwenye kipara, asiyependa maneno mengi. Aliwaambia kwamba hatausimamisha moyo. Atapita kati ya mbavu za kushoto, ataingiza kidole chake kwenye chumba cha juu huku moyo ukiendelea kupiga, atautafuta mlango kwa kuupapasa, kisha ataupanua kwa kifaa chembamba. "Nahitaji damu ya akiba, chupa mbili," alimalizia. "Nani atatoa?"

Damu ya Adow haikupatana na ya mkewe. Ya Dubow ilipatana. Dubow alikuwa amechinja ng'ombe, mbuzi na ngamia tangu akiwa kijana, hajawahi kupepesa jicho. Alikaa kwenye kiti, akanyoosha mkono, akaiona sindano, akaona tone moja jekundu kwenye mpira, na macho yakamgeuka. Alianguka kwa ubavu kama gunia. Walimwinua, wakamlaza, wakamnyunyizia maji.

"Tuache," alisema muuguzi. "Tutatafuta mwingine."

"Hapana," alisema Dubow, jasho likimtoka usoni. "Nifungeni macho. Huyo ni dada yangu." Wakamfunga macho kwa kilemba chake mwenyewe, akatoa damu mpaka chupa ikajaa, akisoma sura alizozijua, na alipozimaliza akaanza upya.

Chupa ya pili ilitoka kwa mtu wasiyemjua. Ilikuwa kwenye jokofu la hospitali, ina namba tu. Saynab aliuliza ni ya nani, akaambiwa hata wao hawajui. Inaweza kuwa ya mwanafunzi, au ya askari, au ya mama aliyepita njia akaamua kutoa. Jambo hili lilimgusa kuliko yote. Kwao, mtu humshukuru mtu kwa jina lake na jina la baba yake. Huyu angemshukuruje? Alipata njia yake mwenyewe. Tangu mwaka ule, kila Ijumaa, akishawaombea wazazi na watoto, humwombea "yule wa chupa," awe Mwislamu au asiwe, na kumwachia Mungu anayejua majina yote.

Alipoamka baada ya upasuaji, maumivu ya ubavu yalikuwa makali kiasi kwamba hakutambua kwanza kilichobadilika. Kisha alivuta pumzi. Pumzi iliingia, ikashuka, ikaendelea kushuka. Ilifika mahali ambapo hewa haikuwa imefika kwa miezi. Alivuta nyingine ili ahakikishe. Machozi yakamtoka, na muuguzi akakimbia akidhani ni maumivu.

"Hapana," Saynab alisema. "Nabumua. Nabumua tu."

Mpasuaji alipita jioni akamkagua. Saynab alimshika mkono, akautazama ule wa kulia. "Kidole kipi?" aliuliza. Yule mzee asiyependa maneno alicheka, akainua cha shahada. Saynab alikiombea dua hapo hapo, kidole kile na mwenyewe, na mzee akangoja mpaka amalize ndipo akaondoka.

Mtoto alizaliwa Garissa mwezi wa pili wa 1994, msichana mwenye sauti ya kuamsha mtaa. Wakamwita Ruweyda. Abdinoor alikuwepo siku hiyo, akiusikiliza moyo wa mama kila baada ya dakika chache, na mkunga alimfukuza mara mbili kwa kumzuilia njia.

Saynab alirudi mezani. Lakini hakurudi vile vile. Kila mwezi ilimbidi kuchomwa sindano ya penisilini, ili vijidudu vya koo visipate nafasi ya kuugusa moyo tena, na hakukosa hata mmoja. Zaidi ya hayo, akawa balaa kwa akina mama wa Galbet. Mtoto akipita mbele ya meza akimeza mate kwa shida, Saynab aliweka kisu chini. "Fungua mdomo." Akiona koo jekundu lenye madoa meupe, mama yake hakupewa nyama mpaka aahidi kwenda hospitali. Baadhi walikasirika. "Unauza nyama au unauza dawa?" aliuliza mmoja. "Nauza nyama," alisema Saynab, "ila watoto hawa nataka waje kuila wakiwa wazee."

Hani, mwalimu wa sayansi katika shule ya msingi ya karibu, alisikia habari hizi akamwomba awafundishe watoto wa darasa la saba. Saynab hakuwa amesoma zaidi ya dugsi, chuo cha Kurani, na siku ile alisita mlangoni mwa darasa. Aliingia na moyo wa ng'ombe kwenye karai na birika la maji. Kwa robo saa Kiswahili chake kilimpiga chenga, vyumba vikawa "fyumba," na wanafunzi wa nyuma wakacheka. Kisha alimimina maji mshipani, yakasimama. Kicheko kikakatika. Walisimama juu ya madawati kuona. Msichana mmoja aliuliza kama moyo huwa unapumzika, na Saynab akamwambia unapumzika kidogo kidogo, kati ya pigo na pigo, kwa sababu hauna siku ya mapumziko.

Mwaka wa 1996 Abdinoor alihamishiwa kwao, Mandera. Saynab alijua hatakubali zawadi. Alikuwa amekataa mbuzi, akakataa shuka, akakataa hata moyo wa ngamia bila kulipa. Basi Saynab na Adow hawakumpa kitu mkononi. Waliteua mtamba wa ngamia, mweupe, katika kundi lao la Hulugho, wakatangaza mbele ya wazee kwamba kuanzia leo huyo na uzao wake ni mali ya Abdinoor Keinan.

"Mimi nitamfanyia nini ngamia, abaayo?" Abdinoor alilalamika. "Nakaa nyumba ya serikali."

"Hukai naye. Sisi tutamchunga. Wewe ujue tu kwamba yupo."

Tangu hapo habari zilikuwa zikienda Mandera kupitia madereva wa malori na wafanyabiashara wa mifugo. Ngamia wako ameanza kupandwa. Ngamia wako ana mimba. Mwishoni mwa 1997 mvua kubwa zikaja, Tana ikafurika, barabara zikakatika na maradhi yakaingia mifugoni, na kwa miezi mingi hakuna habari iliyotoka Hulugho wala iliyokwenda Mandera. Saynab alimwambia Adow, "Akifa yule, tutampa mwingine, lakini sijui nitamtuma nani kumwambia." Hatimaye barabara zilipokauka, habari ikafika: ngamia alikuwa amepandishwa kwenye ardhi ya juu, yu hai, amezaa ndama jike.

Saynab alimpa ujumbe dereva aliyekuwa akielekea kaskazini. Zikapita wiki tatu. Asubuhi moja dereva yule yule alisimamisha lori mbele ya meza ya nyama, akateremka akiwa amekunja uso kama mtu anayejitahidi asisahau maneno ya watu.

"Abdinoor anakusalimu," alisema. "Anasema alhamdulillahi kwa ndama. Anasema maziwa ya ngamia wake anywe Ruweyda. Na anauliza kama sindano ya mwezi huu umechomwa."

Saynab alihesabu siku kwa vidole: siku ya sindano ilikuwa leo hiyo. Kisha alicheka mpaka wateja wakageuka, akavua aproni, akamwachia Rahmo kisu, na kuelekea hospitali kwa miguu, akitembea haraka.